Kekeo Aliyelishwa na Mlima Mzima

Yaya mwingine alitua mgongoni mwa yule kinda, akajiinamisha kama mtu anayechungulia kisimani, akamsukumia funda la chakula mpaka kooni. Kinda akameza. Hakuufunga mdomo. Aliendelea kulia palepale, sauti inayotetemeka na kujigawa vipande vipande, utadhani ni kiota kizima kinacholia na si ndege mmoja mnene aliyekaa kwenye tawi lake kama mwali anayengoja kuletewa.

Nakijwa aliokota bonge la udongo akalirusha. Likampiga yaya ubavuni, likapasuka vumbi. Yaya, kwa kuwa ni mashine na mashine haijui kutukanwa, alitikisa mabawa yake ya plastiki akaruka kwenda kuchota tena.

"Umekosa," alisema Mbonea, shemeji yake, aliyekuwa ameishikilia ngazi isiyo na kazi tangu asubuhi.

"Sikukosa. Nimempata yaya."

"Nilidhani unamlenga ndege."

"Shemeji, shika ngazi."

"Naishika. Ngazi yenyewe haina safari."

Walikuwa juu kabisa ya mlima Kindoro, huko Upare, kwenye kipande cha msitu kilichosalia baada ya miaka ya jua kali. Ng'ambo ya korongo, kwenye ncha ya tawi la mkulo ambako ngazi haifiki wala mtu hafiki, kulikuwa na kiota kidogo kama kikombe cha kahawa, na ndani yake makinda watatu wa kinengenenge, yule ndege wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hao watatu ndio waliobaki. Wazazi wao walikuwa wamekufa kwa joto, mmoja baada ya mwingine, na mlima mwingine wenye kinengenenge wa namna ile haukuwapo. Nakijwa alikuwa ameshinda na darubini machoni akiwatazama. Asubuhi walikuwa wakinyanyua shingo zote tatu. Sasa ilikuwa inanyanyuka moja, na hiyo nayo kwa kusitasita.

Na chakula chao kilikuwa kinapita mbele ya macho yake, funda kwa funda, kinaingia tumboni mwa mwingine.

Mwingine huyo alikuwa kinda wa kekeo, na kekeo hajengi kiota. Hutaga yai lake katika kiota cha ndege asiyemhusu, kisha akaenda zake, na huyo kinda akishaanguliwa huwasukuma nje wenye nyumba akabaki peke yake. Hilo kila mchunga mbuzi analijua. Kisichojulikana sana ni kinachofuata. Kinda wa kekeo akishatoka kiotani akakaa tawini, halishwi na mlezi wake peke yake. Sauti yake ni ya njaa tupu, na ndege aliyezoea kulisha akiisikia hana ubishi nayo. Mchana ule Nakijwa alimwona shore, ndege mzima mwenye makinda wake mwenyewe kichakani, akipita na kiwavi mdomoni kuwapelekea wanawe. Akafika usawa wa lile tawi, akasita hewani kama mtu aliyeitwa jina, akageuka, akampa kekeo kile kiwavi. Kisha akatua pembeni akiwa amepumbaa, kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Kama ndege wa nyama na damu hudanganyika hivyo, mashine ingefanyaje?

*

Mayaya walitengenezwa mwaka ule wadudu walipoanza kuanguliwa kabla ya ndege, na ndege wakawa wanaruka kutwa nzima wanarudi mdomo mtupu. Watu wa Kindoro hawakuwataka kinengenenge kwa sababu ya uzuri wao. Waliwataka kwa sababu ya vidukari, maana kinengenenge wakipungua, vidukari hufunika maharage mpaka majani yanakuwa meusi, na msimu huo watu hubaki kula tangawizi kwa maji. Wakaja wahandisi kutoka mjini na vyombo vyao. Wakaunda mashine ndogo kama ngumi, zenye mabawa, masikio makali, na kibofu cha kubebea uji mzito wa funza waliosagwa. Watu wakaziita mayaya. Kwa ajili ya watoto na wazee wakaunda zile kubwa, ukubwa wa mbuzi, zinazoitwa wachukuzi, za kupeleka uji wa mtama nyumba hadi nyumba siku ambazo jua linakataza mtu kutoka.

Shida haikuwa mashine. Shida ilikuwa kanuni.

Wahandisi walikuja na kanuni yao imeshaandikwa, na mstari wake wa kwanza ulisema mashine ikifika iulize: huyu ni nani, wa nani? Mkutano wa mlima ukaikataa. Upare kuna kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Likipulizwa baragumu, kila aliyelisikia anatoka na jembe lake, anakwenda kuchimba mfereji au kuzibua ndiva, lile bwawa la kuhifadhi maji ya mashamba. Hakuna anayeuliza leo tunachimba mfereji wa nani. Anayeuliza huonekana amekosa malezi. Basi wakawaambia wahandisi waandike hivyohivyo, na wahandisi, waliokuwa wamechoka na kupanda mlima, wakaandika: *Usikiapo sauti ya njaa, nenda. Ukikuta mdomo wazi, weka. Usiulize.*

Na mkutano ukaongeza jambo jingine, kwamba kama maji ya ndiva yanavyotoka kwa mlango mmoja, mashine zote nazo ziwe na ubongo mmoja, pasiwe na mashine ya fulani yenye kanuni yake. Ubongo huo uliwekwa chini ya sakafu ya ofisi ya kamati, na Nakijwa, aliyekuwa amesomea ufundi huo kidogo mjini na kidogo mkononi, akapewa kazi ya kuutunza.

Kwa miaka kanuni ile ilifanya kazi vizuri mno. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria kwamba siku moja atatokea mlia-njaa asiyeshiba.

Nakijwa alikuwa amejaribu kila hila. Alimkamata yule kinda kwa wavu, akamfunika kwa tenga na blanketi, akamweka ndani ya nyumba yake. Mayaya wakaingia kwa kuvunja dirisha. Akamweka ndani ya tangi tupu la maji. Tangi likaikuza sauti, wakaja hata mayaya wa bonde la pili. Akamlisha mwenyewe mpaka koo likavimba kama la chura, akidhani akishiba atanyamaza. Alishiba, akapumua, akalia. Akamrudisha tawini, kisha akafunga kipaza sauti chini ya mti wenye kile kiota ng'ambo ili kiwapigie mayaya kelele ya njaa kubwa zaidi. Mayaya walikwenda kweli. Wakakikuta kipaza sauti, na kwa kuwa kilikuwa na tundu lililo wazi wakakijaza uji wa funza mpaka kikakata sauti, kisha sisimizi wakaja kumalizia.

"Mashine zako zina adabu sana," Mbonea alimwambia siku hiyo. "Hata spika wanaikaribisha chakula."

Angeweza kungoja kinda akue ajitegemee. Lakini hilo ni jambo la majuma, na wale watatu ng'ambo hawakuwa na hata siku mbili.

*

Alimkuta Mzee Senkondo, mwenyekiti wa kamati, ndani ya ndiva lenyewe. Maji yalikuwa yamerudi nyuma mpaka mtu mzima angeweza kusimama katikati akalowa vifundo tu, na mzee alikuwa anakwangua tope kwenye mlango wa maji kwa jembe. Nakijwa alimwamkia, akaitikiwa, wakaulizana hali za nyumbani kama inavyopasa. Kisha mzee akamuuliza kama ameshafanya ile kazi.

Kazi yenyewe aliitaja Nakijwa mwenyewe juma lililopita, kwa kupayuka tu, na sasa alikuwa anajuta. Alisema kwamba ukitaka kumaliza udhia huu, unaongeza mstari mmoja kwenye kanuni: yaya akifika autazame mdomo kwanza. Ndani ya mdomo wa kinda wa kinengenenge pana rangi yake, na wa kekeo pana yake. Auone, aujue, ndipo alishe. Ni kazi ya mchana mmoja.

"Umesema mwenyewe ni mchana mmoja," alisema Mzee Senkondo.

"Nilisema ni mchana mmoja. Sikusema nitaifanya."

"Binti yangu, kuna ubaya gani mtu kumjua anayemlisha?"

Nakijwa akamweleza polepole, kama anayemweleza mtu aliyekwisha kuelewa. Ubongo ni mmoja. Ukimfundisha yaya kutazama mdomo, umemfundisha na mchukuzi. Kesho mchukuzi wa uji atafika kwenye shule ya zamani, walipo wale waliopanda kutoka tambarare joto lilipowafukuza, atatazama midomo yao, ataona haimo katika midomo anayoijua, na atageuka na uji wake. Hatagombana na mtu. Atageuka tu.

Mzee akalikwangua jembe kwa kijiti mpaka likawa safi, ingawa alikuwa anakwenda kulitia tena kwenye tope.

"Labda wakati wake umefika," alisema.

"Wewe ndiye uliyesimama mbele ya wahandisi. Ukawaambia huku kwetu hatuulizi."

"Wakati ule nilikuwa na bwawa lililojaa."

Hakusema kwa ubaya. Nakijwa angependa mzee aseme kwa ubaya, ili apate mahali pa kushika. Lakini mzee alikuwa anayatazama yale maji ya vifundoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyehesabu usiku na mchana na kila mara akapata jawabu lilelile. Akaendelea kumwambia kwamba kamati inakaa kesho asubuhi. Watu wameona vidukari kwenye maharage, wanataka kinengenenge wao waishi. Kama Nakijwa hataki kuongeza ule mstari, yupo fundi mjini ambaye atapanda mlima kwa furaha. Kisha, kwa upole uliomuudhi Nakijwa kuliko yote yaliyotangulia, akasema, "Mimi mwenyewe sina raha na jambo hili. Niondolee sababu, mama. Sababu isipokuwepo, kesho sina la kupeleka mezani."

Nakijwa aliondoka bila kuaga sawasawa. Njiani alikuwa anasema peke yake, kwa sauti, maneno ambayo mama yake asingefurahi kuyasikia.

*

Alipofika juu alimkuta Mbonea amekaa chini, ameilaza ngazi, amejishika tama.

"Usiulize," alisema. "Tazama mwenyewe."

Mchukuzi, mashine nzima ya ukubwa wa mbuzi, alikuwa ananing'inia hewani juu ya lile tawi. Alikuwa ameshusha mrija wake, na kwa uangalifu wote aliofundishwa kwa ajili ya watoto wachanga alikuwa anammiminia kekeo uji wa mtama. Mwingine uliingia mdomoni. Mwingi ulimwogesha. Kinda alikuwa amelowa, manyoya yamemgandama, amekonda ghafla kama paka aliyetoka kisimani, na bado analia.

Nyuma yao, kwenye njia ya mawe, alikuwa anapanda mwanamke na bakuli tupu. Alikuwa Mama Tunu, kutoka kule shule ya zamani. Alipofika alisimama, akatazama, akavuta pumzi.

"Basi ndiye huyu," alisema. "Nimefuata uji wetu kutoka kule chini, nikasema leo nataka nimjue mgeni anayekula kabla ya wanangu."

"Samahani, dada," alisema Nakijwa. "Nalishughulikia."

"Unalishughulikia tangu juzi, fundi. Tunu tumempa maji ya moto tukamwambia ni supu. Ana miaka mitatu, si mjinga."

Nakijwa akakaa kwenye jiwe. Uchovu ulimjia wote kwa mara moja, akajikuta anamweleza mwanamke yule jambo lote: makinda watatu, ule mstari mmoja, mzee na maji yake ya vifundoni, kamati ya kesho. Akamwambia kwamba imebaki njia nyingine moja tu, na kwamba Mbonea ana manati. Akamuuliza yeye angefanyaje.

Mama Tunu aliligeuza bakuli akalitazama chini yake, kana kwamba huko kuna kitu.

"Watu wa mlima huu wanatuitaje tukipita?" aliuliza. "Mbele yetu hawasemi. Tukishapita, wanasemaje?"

Mbonea akatazama pembeni.

"Wanatuita makekeo. Tumetagwa kwenye kiota cha watu." Hakuwa anafoka, alikuwa amechoka tu, kama wao. "Sasa unataka mimi niseme huyu ndege auawe kwa sababu analia sana na hana kwao. Au niseme aachwe, wanangu wazidi kunywa supu ya maji. Hapana, fundi. Hilo usinitwike. Ukilibeba, libebe mwenyewe."

Akageuka akashuka. Alikuwa amefika mbali kidogo aliposimama akasema, bila kutazama nyuma, kwamba kama utabaki uji wowote kwenye ile mashine, aielekeze shuleni.

Nakijwa akaichukua darubini, akatazama ng'ambo. Hakuna shingo iliyonyanyuka. Akangoja. Akafuta vioo kwa upindo wa kanga akatazama tena, na ndipo akaona mdomo mmoja ukifunguka, bila sauti, ukafunga.

"Nipe manati," alimwambia Mbonea.

Mbonea akaitoa mfukoni lakini hakuiachia mara moja. Alisema yeye ameua panya wengi na nyoka kadhaa, ila hajawahi kuua mtoto wa kitu chochote, na kama ni yeye anayetakiwa kupiga, basi hapana.

"Sijakuomba upige. Nimekuomba manati."

"Una hakika hakuna namna nyingine, shem?"

"Ipo. Nishuke ofisini niandike mstari mmoja. Mikono haitachafuka hata kidogo." Akaishika manati akaivuta kidogo kupima mpira. "Huyu atakua, ataruka, ataenda zake. Na ule mstari hautoki tena. Wakishazoea kuuliza, nani atawaambia waache?"

Mbonea akaiachia.

Nakijwa alikuwa amechunga mbuzi utotoni, mkono ulikuwa haujasahau. Alichagua kijiwe cha mviringo. Akakaribia mpaka akawa anaiona rangi ya ndani ya ule mdomo, ya chungwa iliyokolea, nzuri kabisa, imetengenezwa makusudi ili mtu asiweze kuipita. Alihisi mwilini mwake mwenyewe, na hilo likamkasirisha kuliko kitu chochote mchana ule, hamu ya kutafuta chochote cha kuweka pale ndani. Kinda alimgeukia. Hakuogopa. Kila kilichowahi kumsogelea tangu alipozaliwa kilikuja na chakula.

"Ungenyamaza," Nakijwa alimwambia. "Ungenyamaza tu hata kidogo, kwani ungekufa?"

Kinda akalia, Nakijwa akaachia.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mpaka akasikia maji ya korongoni, ambayo hakuwa ameyasikia kwa siku kadhaa. Mayaya waliokuwa njiani walisimama hewani. Mchukuzi akauvuta mrija wake. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama kilichoanguka kwenye majani makavu. Kanuni yao haikuwa na neno kuhusu hilo. Kisha, kutoka ng'ambo, kikasikika kitu chembamba kama uzi, kisichofika hata kuitwa mlio. Mayaya wakageuka wote kwa pamoja. Wa kwanza akatua kwenye ncha ya lile tawi la mkulo, likainama kidogo tu, akashusha kichwa ndani ya kiota. Akafuata wa pili. Mchukuzi naye akajigeuza kwa uzito wake akaanza kushuka kuelekea shule ya zamani.

"Wawili," alisema Mbonea, mwenye darubini. Akatazama muda mrefu. "Wawili wanakula, shem. Yule wa tatu hajanyanyuka."

Nakijwa alikubali kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kupanga atakachomwambia Mzee Senkondo: kwamba sababu haipo tena, kwamba mwakani atatokea kekeo mwingine, na kwamba hapo kazi ya manati aifanye mwenyewe mwenyekiti. Alikuwa anageuka kushuka alipoona kitu kinarukaruka kwenye tawi tupu.

Alikuwa chozi jike, ndege mdogo wa rangi ya vumbi mwenye mdomo uliopinda, wa kunyonyea maua. Ndiye aliyemlea yule kekeo kiotani mwake, wanawe mwenyewe walipokwisha kusukumwa nje. Alikuwa na kiwavi mdomoni. Alitua pale alipozoea kutua, mahali ambapo ungekuwa mgongo wa kinda, akakanyaga hewa, akajishika. Akaruka tawi la juu. Akarudi. Akaita mara moja kwa kukaza koo bila kukiachia kile kiwavi, akasikiliza.

"Nenda zako," alisema Nakijwa.

Chozi hakwenda. Akashuka karibu na majani makavu, akapanda tena, akazunguka shina. Mbonea akasema kwa sauti ya chini kwamba jua linazidi, waondoke. Nakijwa akamwambia atangulie na ngazi. Yeye alibaki amesimama, manati mkononi, akimsonya yule ndege, akimwambia kwamba hakuwa mwanao, mama, hakuwa wako hata kidogo, ungemwona alivyowafanya wanao usingehangaika hivi, nenda nyumbani.

Chozi akaita tena. Akangoja, kichwa upande. Kisha akakigongesha kiwavi kwenye tawi, huku na huku, akakila mwenyewe.